Magurudumu Chini ya Blanketi

Mwaka uliopita Atupele alishinda mbio za matope kwa pikipiki yake ndogo. Mwaka huu tairi zake ziliisha meno, naye hakuwa na nyingine. Akaanza kuyafunika magurudumu yake kwa blanketi.

Mwakalinga, tajiri mwenye pikipiki kubwa mpya, akaliona blanketi. "Kumbe siri ya ushindi ni hayo magurudumu. Nipe, uchukue yangu."

"Usinionee, mzee. Kesho utataka nikurudishie."

"Mwakalinga harudishiwi kitu. Mashahidi hawa hapa," akasema, akiwaonyesha majirani waliosimama karibu. Wakabadilishana magurudumu.

Siku ya mbio Mwakalinga alikuja ameloa jasho. "Hayaingii. Ekseli yangu ni nene, na matundu ya magurudumu yako ni madogo."

"Yako kwangu yalipwaya, mzee, nikatia bushi za kuyakaza."

"Sasa mimi nitapanda nini?"

Atupele akawasha pikipiki. "Blanketi nimekuachia. Yafunike, yasipate baridi."