Kasha la Mninga

Bei ya vipande haina mikono. Ndivyo fundi cherehani alivyomjibu yule mama sokoni leo asubuhi, mama akatoa hela yake, na nyinyi mkanigeukia kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mnadhani kila methali ilitungwa na watu waliovaa magome ya miti. Hii bado changa, wajukuu zangu. Imezaliwa hapa hapa Songea, nikiwa mtu mzima, na imezaliwa kwenye ukoo wetu. Msianze kujivuna, si kwa sifa. Methali hii ilianza hivi.

Kaka yangu Kastori Mbano, huyu mnayemwita babu, alikuwa mwenyekiti wa umoja wa maseremala. Mimi nilikuwa napiga msasa na vanishi kwenye karakana yao, kwa hiyo ninayowaambia sikusimuliwa. Kastori alikuwa fundi kweli kweli. Nalisema hilo kwanza kwa sababu mbele nitamsema vibaya. Mlango wa kabati lake ukifungwa, hukuweza kupitisha hata wembe.

Mwaka huo masista walikuwa wanajenga hosteli ya wasichana, wakataka vitanda, makabati na meza za kusomea. Msimamizi wao alikuwa Sista Auleria, mtu mpole, mwenye sauti ndogo inayokulazimisha usogee karibu ili umsikie. Alisema kazi atawapa maseremala wetu, ila kwanza anataka kuona kila chumba kimechorwa kwenye kompyuta, kitanda kikae wapi na kabati lifungukie wapi, kabla ubao haujakatwa. Mchoraji walikuwa naye, mmoja wao aliyepita chuoni. Kompyuta yenye nguvu ya kuchora mambo hayo ndiyo hawakuwa nayo. Ile yao ya kuandikia barua, ukigeuza picha ya kitanda tu, inaganda.

Umoja ukamtuma Kastori akaulizie bei. Akaanzia kwenye duka kubwa linalouza kompyuta zilizoundwa kiwandani, zikiwa bado kwenye maboksi yake. Wakamtajia milioni nne, na dhamana ya mwaka. Kisha akaenda kwa Skolastika Kikoti.

Skolastika alikuwa binti wa Kihehe kutoka Iringa, amesomea ufundi, akaja huku akafungua kibanda cha kuunda kompyuta. Unamweleza kazi unayotaka kufanya, yeye anachagua vipande vinavyopatana, anaviagiza Dar es Salaam, anaviunganisha, anaijaribu mpaka aridhike, ndipo anakukabidhi. Ikikusumbua baadaye, anakuja mwenyewe na begi lake. Na alikuwa mtani wetu. Babu zetu Wangoni na babu zao Wahehe walipigana mpaka wakachoka, sisi tukarithi maneno ya kuchekana.

"Karibu, mtumwa wangu," alimwambia Kastori. "Umekuja kujikomboa?"

"Nimekuja kuona kama Mhehe anaweza kuunda kitu kisichobweka," akajibu Kastori, maana Wahehe tunawatania kuwa wanakula mbwa, wakacheka wote wawili.

Akamtajia milioni tatu. Kastori akataka kujua zimejumlishwaje, na yule binti akamwambia kila kitu: ubongo wa kompyuta bei hii, kadi ya kuonyesha michoro bei hii, feni, kasha la bati, hakubakiza hata nyaya. Angeweza kuficha. Mafundi wengi huficha, na kaka yangu mwenyewe hajawahi kumwambia mteja alikonunulia mbao. Lakini Skolastika alidhani anaongea na fundi mwenzake. Vipande vyote vilifika milioni mbili na nusu.

"Na hiyo inayobaki, mtani," akamwambia, "ndiyo mimi."

Kastori akaitikia vizuri tu na kuaga. Kikao kilipoitishwa karakanani, akamwalika Skolastika aje kueleza kazi yake. Kilikuwa kikao cha mchana, milango wazi, wateja wanaingia na kutoka, na Sista Auleria naye alikuwapo, amekuja kuangalia sampuli ya kitanda. Skolastika alivaa nguo nzuri siku hiyo. Alidhani anakuja kupewa kazi.

Kaka yangu akasimama. Ukimpa Kastori watu wa kumsikiliza, anasahau alichotumwa.

"Ndugu zangu," akasema, "dukani ni milioni nne. Kwa mtani wetu huyu ni milioni tatu. Mnaweza kudhani ametuonea huruma. Sasa sikilizeni bei ya vipande."

Akaitaja yote aliyoambiwa kibandani, kipande kwa kipande, kwa sauti ya dalali. Alipomaliza akachukua bisibisi kwenye benchi akaiinua juu.

"Nusu milioni nzima inakwenda wapi? Inakwenda kwenye kubana skrubu. Humu ndani nani hajui kubana skrubu? Mtani, huu ni wizi wa mchana kweupe."

Watu walicheka. Skolastika hakucheka. Akaokota begi lake.

"Ungeniambia haya kibandani kwangu, mtani, ningecheka," akasema.

"Sasa mbona unanuna, mtumwa wangu? Huu si utani tu?"

"Huu si utani. Hawa ndio wateja wangu."

Akatoka. Nanyi sikilizeni, kwa sababu siku hizi utani mnaujua kwenye simu tu. Mtani unaweza kumcheka sura, chakula chake, hata msibani kwake unaweza kujilaza kwenye kaburi ukadai ulipwe ndipo uondoke, na hakuna atakayekukasirikia. Lakini chungu chake, yaani riziki yake, huvunji. Kastori alikivunja, tena akataka yule binti amsaidie kucheka.

Maneno yale yalitoka karakanani yakaenda mjini. Kila aliyepeleka kompyuta kwa Skolastika akawa anamwambia, "Ni kubana skrubu tu hapo, dada, usituumize." Wengine walitaka wapewe bei ya kila kipande, kisha wanaondoka nayo kwenda kujinunulia. Nilikuwa nikipita pale namkuta amekaa peke yake. Nilimsalimia, aliitikia, nikapita zangu.

Kastori yeye alikuwa na furaha zake. Aliagiza vipande vyote kwa mtu aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam, isipokuwa kimoja. "Kasha la bati la nini," akasema, "na sisi ni maseremala?" Akatengeneza kasha la mninga. Nimeona kazi nyingi za kaka yangu, lakini ile aliifanya kama anamtengenezea askofu. Alivitia viungo gundi, akavibana, akavipiga randa mpaka ubao na ubao vikawa kitu kimoja. Hapakuwa na nafasi ya kupita hata pumzi ya mdudu. Alinipa mimi nilipake vanishi, na likang'aa. Yeye na mchoraji wakabana skrubu zao humo ndani, wakawasha, kompyuta ikawaka. Walishangilia kama timu imefunga bao. Kastori alimwita kila mpita njia aje aone nusu milioni aliyoiokoa.

Seremala anajua adui wa kabati ni upenyo. Kompyuta adui yake ni joto. Feni zilikuwamo, tena nzuri, lakini feni itavuta hewa ya wapi ndani ya kasha kama lile? Kwa kazi ndogo ndogo ilivumilia. Siku Sista Auleria alipokuja kuonyeshwa hosteli yake, mchoraji akafungua vyumba vyote kwa pamoja, akaanza kuvigeuza huku na huku. Feni zikalia kwa sauti kubwa. Mimi ndiye niliyesikia harufu kwanza, kwa sababu vanishi yangu naijua. Kioo kikawa cheusi. Kastori alipofungua kasha alirudisha mkono haraka. Kadi ya michoro ilikuwa imeungua pamoja na diski ya kuhifadhia kazi, na michoro ya hosteli nzima ikapotea nayo.

"Poleni," akasema Sista Auleria. "Basi tuzungumze bei, michoro mtaifanya tena."

Maseremala wakasogea, maana hilo ndilo walilokuwa wakilisubiri. Wengine walikuwa wameshakopa kwa kuitegemea kazi ile.

"Nimepita kwenye maduka ya vifaa," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Nimeuliza bei ya mbao, bawaba, vitasa, gundi na vanishi. Nimejumlisha. Hiyo ndiyo nitakayolipa, mwenyekiti. Naona ni haki."

Kastori akatabasamu akidhani Sista hakuelewa. "Sista, hiyo ni bei ya vifaa. Na mikono yetu je? Hawa wote unaowaona wana watoto."

"Siku ile ulisema iliyozidi ni ya kubana skrubu tu," akajibu Sista. "Nikadhani na yenu ni ya kugonga misumari tu."

Mpaka leo sijui kama Sista alisema kwa unyofu wake au alikuwa anamrudi. Uso wake ulikuwa ule ule. Kastori akageuka nyuma kuwatazama wenzake, pengine apate mmoja wa kucheka, kwa sababu siku ile walicheka wote. Kila mtu alikuwa anatazama chini. Ndipo akakaa kwenye benchi la randa, katikati ya maranda, shingo imelowa jasho. Nimezika ndugu, nimefukuzwa nyumba, lakini sijawahi kuona aibu kama niliyoiona siku ile juu ya uso wa kaka yangu. Na mimi ilinipata, maana aibu ya ndugu haichagui nani alitenda. Sista akasema atarudi Jumatatu kusikia jibu, akaenda zake.

Kesho yake Kastori alinitaka nimsindikize kwa Skolastika. Tulibeba kasha la mninga, yeye upande huu na mimi upande ule. Kibandani tulikuta watu wanauza viatu vya mitumba. Wakatuelekeza lile duka kubwa la maboksi, na huko ndiko tulikomkuta, amesimama nyuma ya kaunta, amevaa fulana ya duka.

"Karibu, mzee," akamwambia Kastori. "Nikusaidie nini?"

Alimwita mzee. Hakuna tusi la utani lililowahi kumuuma Kastori kama heshima ile. Akaweka kasha juu ya kaunta.

"Nimekuletea uifungue uone," akasema. "Imeungua."

Skolastika akaliangalia kasha, akapitisha kidole kwenye kiungo, na niliona ameelewa kila kitu bila kufungua. Alikuwa na haki ya kucheka. Hakucheka.

"Hapa hatufungui, mzee. Hapa tunauza zilizofungwa."

"Nilikukosea, mwanangu," akasema Kastori kwa sauti ya chini.

"Ulinikosea mbele za watu," akajibu Skolastika. "Hapa uko na dada yako tu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anamweleza mteja bei. Kabla ya Jumatatu Kastori akarudi akanunua kompyuta ya milioni nne, kwa fedha aliyoipata baada ya kuuza mbao zake mwenyewe alizokuwa amezianika kwa ajili ya kuezekea nyumba. Mkijumlisha na zile za vipande vilivyoungua mtaona alivyookoa. Kwa nusu ya hapo angekuwa na kompyuta bora, na fundi wa kumwita, na mtani.

Jumatatu akaitisha kikao. Milango ikafunguliwa kama siku ile, na Sista Auleria alikuwapo. Kastori alikuwa amemwita na Skolastika pia, akamtumia na nauli, lakini Skolastika alirudisha nauli akasema yuko zamu. Kastori akasimama bila bisibisi.

"Niliwatajia bei ya vipande," akasema. "Niliitaja kama vile vipande hujiokota vyenyewe, vikajuana, vikajibana. Mimi seremala nilisema hivyo. Nilimwita yule binti mwizi, na kitu pekee alichokiongeza kwenye bei ni yeye mwenyewe. Bei ya vipande haina mikono. Nisameheni, na mkimwona mwambieni nimesema mbele yenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Sista Auleria akasema, "Sasa tuzungumze bei." Na siku hiyo akaizungumza na mikono ndani yake, maseremala wakapata kazi.

Waliokuwapo wakaondoka na yale maneno. Fundi saa akayatumia, msusi akayatumia, mama lishe naye akamjibu hivyo mtu aliyemhesabia unga na mafuta ya chapati. Yakafika Mbeya, yakafika Iringa kwenyewe, jina la Kastori likaanguka njiani, ikabaki methali. Skolastika hakurudi kwenye ufundi. Mara ya mwisho kusikia habari zake alikuwa msimamizi wa duka, anauza maboksi, na hakuna mtu Songea hii anayeunda kompyuta kama alivyokuwa anaunda yeye.

Na babu yenu hali ndiyo hiyo mnayoiona. Akienda kununua kitu hukubali bei ya kwanza, nyinyi mkamcheka kuwa amezeeka hajui kupatana. Kuna siku kijana wa gereji alimwambia, kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, wahenga walisema bei ya vipande haina mikono." Kastori akainamisha kichwa, na yule kijana akadhani anamkubalia. Mimi nilikuwa pembeni, nikatazama kwingine.

Basi ndiyo hiyo. Mkiisema, isemeni, ni ya kweli. Ila msiiseme mbele yake. Bei ya vipande haina mikono.