Paja la Mbuzi Lililotaka Kusema

Sechelela hakuwahi kula nyama tangu utotoni, kisha akaolewa Kongwa, katika ukoo wa wafugaji waliokula nyama asubuhi na jioni. Siku ya karamu, baba mkwe wake, tajiri Mzee Chilewa, alimwekea paja zima la mbuzi mbele ya wageni.

"Leo utakula nyama, ama urudi kwenu!"

"Nitakula, baba." Sechelela aliliinua paja, akalitegea sikio, akashtuka. "He! Kweli?"

"Unafanya nini wewe?"

"Namsikiliza mbuzi. Anasema anakufahamu vizuri sana."

Wageni walicheka. Mzee Chilewa hakucheka.

"Anasema nini kingine?"

"Ananieleza lile jambo lako, baba. Nilitaje hapa mbele za watu?"

Mzee alimpokonya paja, akalitafuna kwa pupa mpaka ukabaki mfupa mtupu.

"Mleteeni mkwe wangu ugali na mlenda!" alifoka, mashavu yamemjaa nyama. "Na asisumbuliwe tena!"

Walipobaki wawili, mumewe Madeje alimnong'oneza, "Mke wangu, siri ya baba uliambiwa na nani?"

Sechelela aliacha kutafuna. "Kumbe baba ana siri?"