Vyungu Vinane vya Bi Nyamvula

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, hadithi hii haimtaki aliyesinzia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, babu zetu walipokuwa bado hawana babu, palikuwa na ajuza mmoja kijijini, Bi Nyamvula. Meno alikuwa nayo mawili, maswali alikuwa nayo mia.

Siku moja mkwewe, Mbodze, alijikata mguu kwa jembe. Jeraha likavimba, likatunga usaha, likanuka. Wakachemsha magome ya miti saba, dawa aliyoiacha mganga marehemu. Wakapaka, wakapaka. Wapi! Watu wakasema dawa imekufa na mwenyewe.

“Mti haukai matanga,” akasema Bi Nyamvula.

Wazee wakaamua: siku saba, usipopona, mguu ukatwe.

Mbodze akamshika mkono. “Mama, nitalimaje?”

Bi Nyamvula akainuka. Akatafuta vyungu vinane. Saba akavitia magome, kila chungu mti wake. Cha nane akakitia maji matupu. Akachemsha, akaacha vipoe, akatumbukiza kipande cha nyama katika kila kimoja, chubwi, aone ni dawa ipi itakayoizuia isioze! Majirani wakacheka, wakasema bibi anapikia mainzi.

Siku ya pili akafunua. Cha kwanza, puu, nyama imeoza! Cha pili, puu! Vyote vinane, puu! Akaketi chini, uso umemwaka kwa aibu. Kisha akajiuliza: marehemu alifanya nini nisichofanya mimi?

Akamwendea mjane wa mganga. Mjane akacheka kidogo, akasema, “Yule alikuwa mvivu wa kuni. Dawa ile hakuichemsha hata mara moja. Akiiponda na kuiloweka tu.”

Loo! Moto ndio uliokuwa ukiiua dawa.

Akarudi mbio za kizee. Akaponda, tu! tu! tu! Akaloweka kwa maji baridi, akatia nyama mpya. Siku ya nne akafunua. Cha kwanza, puu! Cha pili, puu! Cha tatu, cha nne, puu! Cha tano... akanusa. Akanusa tena. Nyama ilikuwa nzima. Kumbe ni ule mti mdogo wenye gome la manjano ndani, ambao watu waliutumia kujengea ua wa mbuzi!

Akajikwaruza mkono, akajipaka yeye kwanza. Kulipokucha salama, akamwosha Mbodze kidonda asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya saba wazee wakaja na kisu. Wakainama. Harufu hakuna, usaha umekauka, nyama nyekundu inaota. Kisu kikarudi alani.

Mwanawe Bi Nyamvula, mume wa Mbodze, akamshauri mamaye aifanye dawa siri ya ukoo. Bi Nyamvula akakataa, akawaita wanawake wote akawaonyesha gome, na namna ya kuloweka.

Mzee mmoja akauliza, “Na ile miti sita, ina kazi gani?”

“Sijui,” akasema Bi Nyamvula, macho yakimng’aa. “Kesho nitaanza kuiuliza.”

Basi wanangu, anayeuliza si mjinga. Mjinga ni anayepaka asichokijua. Hadithi yangu imefika kikomo hapo. Aliye na swali na aulize.