Picha ya Mwanaanga Ukutani kwa Suwedi

Unguja alikuwapo tajiri mmoja, Bwana Suwedi, aliyekusanya picha zilizotiwa sahihi na wanaanga wa mwanzo. Moja aliiazima kwa Bi Raya, aliyeachiwa picha hiyo na marehemu baba yake, aliyekuwa mpishi wa wataalamu wa anga wa Kimarekani kituoni kwao hapo kisiwani. Alipotakiwa airudishe, Suwedi aliapa kuwa ni yake tangu zamani.

Siku alipowaalika wakubwa waje kuzitazama picha zake, Bi Raya naye akatokea.

"Nimekuja kukuomba radhi, Bwana Suwedi," alisema, wageni wote wakisikia. "Sahihi ya picha ile si ya mwanaanga. Aliitia baba kwa mkono wake. Alipenda mizaha."

Mgeni mmoja akacheka, kisha akaanza kuzikagua kwa shaka picha nyingine zote. Suwedi akatokwa na jasho.

"Hii haijapata kuwa yangu kamwe," alifoka, akiichopoa ukutani. "Ni yako wewe. Chukua takataka yako."

Bi Raya aliipokea kwa adabu, akaifunga ndani ya kanga, akatoka. Nje mumewe alimwuliza kwa masikitiko, "Kumbe mzee alituhadaa miaka yote hii?"

"Baba?" alisema Bi Raya. "Masikini, baba hata jina lake alikuwa hajui kuliandika."