Maombi ya Kukatisha Mvua

Leo nina mfano, na wale mlioanza kupekua kurasa kutafuta umeandikwa sura ya ngapi, pumzikeni. Haumo humo. Nimeutunga mwenyewe, tena nikiwa nimekasirika, kwa hiyo msishangae ukiwachoma.

Dereva mmoja wa kisiwani alikuwa na kazi ya kuzungusha wageni. Anawachukua hotelini, anawapitisha barabara ya pwani, anapanda nao mlimani hadi mahali ambapo bahari yote inaonekana, kisha anawarudisha wakiwa na njaa na picha mia mbili za kitu kilekile. Mama yake alilima mpunga bondeni. Mwaka huo masika yalichelewa hadi watu wakaanza kulaumiana. Halafu alfajiri moja mvua ikaja yote kwa pamoja, ikagonga bati kama mtu aliyesahau ufunguo.

Mama hakungoja hata chai. Alikwenda kitaluni akang'oa miche yote, akaifunga mafungu, tayari kwa kupandikiza. Na mpunga, niwaambie nyinyi mliokutana nao mara ya kwanza kwenye sahani, una sharti lake: mche ukishang'olewa haurudi ulikotoka. Uingie kwenye tope lenye maji siku hiyohiyo au kesho yake, la sivyo ni chakula cha ng'ombe. Kwa hiyo yule mama alikuwa amekabidhi wali na uji wa mwaka mzima kwa mvua ile moja.

"Ikinyesha mpaka alasiri tu," alimwambia mwanawe huku akijifunga kanga kiunoni, "bonde litajaa, nami nitamaliza."

Dereva akaenda kazini anapiga mbinja. Nani kati yenu asingepiga?

Wageni wake siku hiyo walikuwa mume na mke kutoka bara, wamekuja kusherehekea miaka ishirini na mitano ya ndoa. Mume mzee wa kanisa, mke mwenyekiti wa umoja wa akina mama. Watu wazuri, nasema bila kejeli. Walimgawia dereva vitafunio vyao. Jina hawakumuuliza, lakini vitafunio walimpa.

Walipoanza kupanda mlima, mvua ikafunga vioo pande zote. Pale ambapo bahari ilitakiwa kuonekana palikuwa na weupe mtupu, kama shuka lililoanikwa.

"Dereva," mke akasema, "hii mvua yenu huwa inakatika saa ngapi?"

"Leo haikatiki, mama. Tumeingoja tangu mwezi wa tatu."

"Aa, usitutakie mabaya! Nimetoka kwangu kote kule nije kutazama waipa?"

"Miaka ishirini na mitano," mume akadakia, "halafu tunaishia kuchemka humu ndani kama viazi."

Wakacheka. Dereva naye akacheka, maana kucheka ni sehemu ya kazi.

Wakafika mahali barabara inapopita juu ya bonde. Chini watu walikuwa wameinama majini, migongo imeloa, mikono inakwenda mbio, wanataniana kwa sauti hadi zinasikika barabarani. Dereva akapunguza mwendo, akapiga honi mara mbili. Mwanamke mmoja akainuka, akapunga mkono wenye tope mpaka kwenye kiwiko.

"Masikini," mke akasema, "wanavyoloana!"

"Wamefurahi hao, mama. Yule aliyepunga ndiye mama yangu mzazi. Leo ameng'oa miche yake yote. Mvua ikikaa mpaka alasiri, tuna chakula. Ikikatika sasa, hatuna."

Aliwaambia hivyo hivyo, kwa Kiswahili, bila mafumbo.

Mume aliguswa. Akavua kofia. "Simamisha gari, kijana. Tuombe."

Moyo wa dereva ukalainika. Akaegesha pembeni, akazima hata redio. Wale wawili wakashikana mikono, wakafumba macho, na mume akaanza kwa ile sauti yake ya Jumapili:

"Baba, wewe uliyeiumba nchi hii nzuri, tunakusihi ufunge mbingu sasa hivi, watumishi wako tuone kazi ya mikono yako. Na umkumbuke mama wa kijana huyu, asije akapata homa kwa kuloana."

"Amina!" mke akaitikia.

Waipa zinakwenda, zinarudi. Mume akafumbua jicho moja.

"Sema amina, kijana. Tukikubaliana sote watatu, ombi linakuwa na nguvu."

"Hiyo siwezi kuiitikia, mzee."

"Kwa nini? Oh, samahani. Wewe ni wa dini nyingine."

"Si dini, mzee. Ni mpunga."

Mume akatabasamu kwa upole, lile tabasamu tunalowapa watoto na maskini. "Mungu ana mvua nyingi, kijana. Atawaletea nyingine."

"Lini?"

"Kwa wakati wake."

"Sisi ndege yetu ni kesho," mke akaongeza, kana kwamba hilo linamaliza mjadala.

Mmesikia? Jua lao ni sasa hivi. Mvua ya mwenzao ni kwa wakati wa Mungu.

Haikupita nusu saa, mvua ikakatika. Mawingu yakatawanyika, bahari ikajitokeza ya buluu, na ndani ya gari ikawa haleluya juu ya haleluya. "Umeona, kijana? Umeona Mungu wetu?" Dereva alikuwa anatazama lami inavyofuka mvuke chini ya jua. Alibana usukani hadi vidole vikamuuma. Angeweza kuwashusha palepale, wakalifaidi jua lao kwa miguu. Hakuwashusha. Akawapiga picha walizotaka, wamekumbatiana, wanacheka, na kila picha ilikuwa nzuri.

Jioni alimkuta mama yake ameketi kwenye tuta. Maji yalikuwa yamezama, tope limeanza kukauka. Zaidi ya nusu ya mafungu yalikuwa bado hayajapandwa, naye ameyafunika kwa kanga yake kama mtu anayemkinga mtoto na jua.

"Wageni wako wamefurahi?" akauliza.

"Wamefurahi, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. "Angalau."

Ningeishia hapo mngenisikitikia vizuri, mkatikisa vichwa, mkaenda kula. Siishii hapo.

Jumapili iliyofuata wale wawili walisimama kanisani kwao kutoa ushuhuda. "Tulitamka neno moja tu," mume akasema, "mbingu zikatii!" Kanisa zima likainuka. Ngoma zikapigwa, vigelegele vikapanda. Wao walikuwa wawili tu ndani ya gari, lakini walioshangilia walikuwa mia tatu. Kanisa hilo ni lipi? Msitazame madirishani. Nitazameni mimi. Ni sisi.

Najua kuna mmoja hapo nyuma ananong'ona: lakini mvua si ilikatika kweli, mchungaji? Ilikatika. Wingu likiishiwa maji, linanyamaza, hata juu ya wasioomba. Sikuja hapa kubishana kuhusu mawingu. Wala kosa lao si kutamani jua. Ningekuwa likizo ningelitamani hata mimi. Walimwona yule mama kwa macho yao. Wakaelezwa na mwanawe, kwa lugha yao, atakosa nini. Ndipo wakafumba macho, na kule kufumba macho wakakuita maombi!

Nasi je? Tunaomba kiwanja kile tukijua nani atahamishwa. Tunaomba cheo kile tukijua nani anasukumwa nje ili tukipate. Tukishapata tunakuja hapa mbele na kipaza sauti, nanyi mnapiga makofi, na hakuna hata mmoja anayeuliza: huyo mwingine alikuwa nani?

Kwa hiyo leo sitasema tufumbe macho. Yaacheni wazi. Mgeukie aliye karibu nawe, mwambie lile ulilokuja kuliomba, kisha umuulize: nikipewa hili, wewe utakosa nini? Akikujibu, usimwambie habari za wakati wa Mungu. Msikilize.

Haya, anzeni. Amina yangu bado ninayo mdomoni, na sitaitoa mpaka nisikie mnaulizana.