Kompyuta Thelathini na Moja, Nyumba Moja

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime. Hii si ya kusikiliza kwa sikio moja, maana mwishoni jibu sitakuwa nalo mimi. Nitawadai ninyi.

Kuna hospitali moja huko milimani. Jina lake nalificha, nina ndugu wanaotibiwa pale. Miongoni mwa wafanyakazi wake walikuwamo watatu, na kila mmoja alijaliwa lake.

Wa kwanza Nakundwa, binti wa kompyuta. Huyu alijaliwa vidole. Wenzake walihangaika kutafuta vipicha vya kubonyeza. Yeye alifungua dirisha jeusi, akachapa maneno meupe mistari kadhaa, na mashine iliyo jengo la pili ikatii bila yeye kunyanyuka kitini.

Wa pili mzee Shechambo, mtunza bohari. Huyu alijaliwa kuandika. Hakuna kitu kilichoingia pale, hata ndoo ya kudekia, kisiandikwe kwenye daftari lake: jina, namba, kimekwenda wapi, kimepokelewa na nani. Watu walimcheka, wakasema huyu siku yake ikifika ataidai sanda ije na hati ya kupokelea.

Wa tatu Mama Hidaya, opareta wa simu. Alijaliwa ulimi. Alijua nani kanuniana na nani, nani anaumwa kweli na nani anaumwa kila Jumatatu. Ukimpa siri saa mbili, saa tatu mtu mwingine anakuletea hiyo hiyo, imeshatiwa nazi na bizari. Mimi nampenda, nisiwafiche.

Sasa kulikuwa na nyumba ya hospitali. Sista aliyekuwa akikaa humo alistaafu akarudi kwao. Vyumba viwili, maji ndani, kibaraza kinachotazama bonde. Wote watatu waliiomba. Nakundwa alikuwa akilala kwenye stoo ya rafiki yake, kichwa kwenye gunia la mchele. Shechambo alitembea saa nzima kila asubuhi na goti lake bovu. Mama Hidaya na wanawe wanne walikuwa wakihamisha kitanda kila mvua inaponyesha. Daktari Mgonja, mkuu wa hospitali, aliziweka barua tatu mezani akawa anazitazama tu, wiki baada ya wiki.

Ikaja Alhamisi moja ya masika. Tangu asubuhi seva ikaanza kulia kama mtu mwenye pumu. Kwa sisi tusiojua: seva ni kompyuta kubwa iliyofungiwa ofisini, na pale ndiyo iliyoshika majina na maneno ya siri ya wote. Ukitaka kufungua kompyuta yako ya wodini, yako inaiuliza kwanza seva, "Huyu unamjua?" Seva ikifa, hakuna wa kuulizwa. Mafaili ya wagonjwa yamo kwenye kompyuta hizo hizo za wodini, orodha ya dawa imo, lakini mlango hauna wa kuufungua.

Nakundwa akaenda mbio kwa daktari. "Haitafika jioni. Dawa ni moja tu. Kila kompyuta niitengenezee akaunti ya msimamizi ya humo humo ndani yake, isiyoitegemea seva. Lakini lazima nifanye sasa hivi, seva ikiwa hai. Ikishakufa, kompyuta hazitanitambua hata mimi."

"Si uzungukie moja moja?"

"Ziko thelathini na moja, daktari. Nane ziko zahanati za juu, na barabara imekatwa na maporomoko."

Daktari Mgonja akaufungua mtoto wa meza, akautoa ufunguo wa ile nyumba, akauweka juu ya barua tatu. "Atakayeiokoa hospitali hii leo, huu hapa ufunguo wake. Shida zenu nimezisoma. Sitaki kuzisoma tena."

Nakundwa akakaa kwenye dirisha lake jeusi. Akaandika amri zake zifuatane: ingia kwenye mashine, tengeneza akaunti, ipe neno la siri, iingize kundi la wasimamizi, toka, nenda mashine inayofuata. Akaijaribu kwenye kompyuta ya pembeni yake, ikakubali. Kazi ya siku tatu imekunjwa ikawa kikaratasi. Lakini akakwama. Amri inataka jina la kila mashine, lile ililopewa mtandaoni, si "ile ya famasia" wala "ile ya leba yenye kitambaa cha maua." Orodha ya kwenye seva ilikuwa imejaa majina ya mashine zilizokwisha kufa zamani.

Akakimbilia bohari. Mzee Shechambo akavaa miwani, akafungua daftari, na majina yote thelathini na moja yalikuwepo, kwa mwandiko uliosimama wima kama askari.

"Nipe, baba, nikachape."

"Daftari halitoki bohari bila saini ya mkuu."

"Mzee, seva inakufa!"

"Na daftari hili limeishi kwa sababu halitoki ovyo, binti yangu. Lingekuwa linatoka ovyo ungelikuta?"

Nakundwa akatoka na mvua, akaenda akasainisha, akarudi ameloa chapachapa. Nusu saa ikapotea hivyo. Lakini majina yalikuwa sahihi, yote, hakuna hata herufi moja iliyokosewa.

Akaituma amri. Zikajibu kompyuta nne tu.

Hapo ndipo radi zilipoingia katika habari hii. Mwezi uliopita radi ilikuwa imeunguza kompyuta ya wodi ya watoto, na karani wake akapewa barua ya onyo. Tangu hapo, mbingu ikinguruma tu, hospitali nzima inachomoa waya, inafunika kompyuta kwa kitambaa, inakaa mbali nayo. Kompyuta iliyozimwa haipokei amri ya mtu. Nakundwa akapiga simu wodi tatu kuwasihi wawashe. "Barua ya onyo utanipokelea wewe?" wakamjibu.

Mama Hidaya alikuwa akisikiliza yote kwenye simu zake, kama kawaida yake. Akasema, "Mwanangu, hujui kuomba. Niachie." Akaanza kupiga, wodi hadi wodi, zahanati hadi zahanati.

"Halo, leba? Shoga, mimi sijakwambia kitu. Majina ya waliopandishwa madaraja yametoka. Yanasomwa kwenye kompyuta tu, mwisho saa tisa. Nasikia lako lipo… Radi? Haya, kaa na radi yako, wenzio wanasoma."

Dakika kumi hazikuisha. Vitambaa vikaruka, waya zikachomekwa, kompyuta zote zikawaka, zile nane za zahanati za juu zikiwemo. Nakundwa akaituma amri tena. Majibu yakateremka kwenye kioo, jina kwa jina: imekubali, imekubali, imekubali. Thelathini na moja. Saa tisa na dakika ishirini seva ikakata roho. Na saa kumi, mama aliyeletwa leba akivuja damu alikutwa na faili lake limefunguka kwa akaunti mpya, na kundi lake la damu limeandikwa.

Sasa wamesimama mbele ya daktari, macho yote kwenye ufunguo.

"Niondoeni mimi," Nakundwa akasema, "muone kama daftari lingechapa amri lenyewe."

Shechambo akacheka. "Kazi hii uliagizwa Januari, binti. Ulisema wiki ijayo. Leo umezima moto ulioulea mwenyewe."

Nakundwa akainamisha kichwa, maana ilikuwa kweli. Kisha akakiinua. "Na ile nusu saa ya saini, mzee? Seva ingekufa ndani yake, ungemweleza nini yule mama wa leba?"

"Ningemweleza kwamba kwa miaka kumi na tisa mlinicheka."

"Ninyi gombaneni," Mama Hidaya akasema. "Amri na majina mngekuwa navyo mpaka leo, mnavituma kwenye mashine zilizolala."

"Kwa uongo!" Shechambo akasema. "Radi ingepiga mtu pale ameshika waya, ungemzika na madaraja yake?"

Mama Hidaya akamkumbuka mmoja wa aliowapigia. Kule zahanati ya juu, Nesi Mbonea, ambaye hajapandishwa kwa miaka tisa, alikuwa amemwambia mumewe achinje kuku. Mpaka saa hiyo alikuwa akiitazama kompyuta, macho yakimuuma, akitafuta jina lake.

"Nesi Mbonea nitamwomba radhi mwenyewe," Mama Hidaya akasema taratibu. "Lakini daktari, ukweli waliambiwa kwanza. Mliona walivyoujibu."

Daktari Mgonja akaushika ufunguo, akaurudisha mezani, akaushika tena.

Basi njooni ninyi. Mmoja alikuwa na ujuzi, akachelewa kuutumia. Mmoja alikuwa na uangalifu, ukakaribia kuwaponza wote. Mmoja alikuwa na ulimi, ukaokoa mtu na kumvunja moyo mwingine siku moja. Ukimtoa yeyote kati yao, kompyuta thelathini na moja zimefungwa. Na asiniambie mtu nyumba igawanywe, ina choo kimoja.

Ungekuwa wewe umekaa kwenye kiti cha daktari, ungemkabidhi nani? Na wale wawili ungewatazamaje kesho asubuhi wakija kazini?