Herufi Mbili za Kwanza

Mwaka 2014, mwezi wa Aprili, mjini Tukuyu, mvua ilinyesha siku ishirini na sita kati ya thelathini. Nilizihesabu. Tulikuwa watatu, tukiunda programu ya kuandikia kwa Kiswahili, yenye kisanduku kidogo cha kumfundisha mwandishi njia ya mkato: badala ya kuhangaika na menyu, abonyeze vitufe.

Kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Atupele alijua kuchagua herufi zisizosahaulika. Lusekelo alijua kuchora vitu visivyomsumbua mtu. Mimi nilijua kuhesabu.

Atupele alikipa kila kitendo herufi yake ya kwanza. Fungua ilipata F, ikibonyezwa pamoja na Ctrl. Futa nayo ilipata vitufe hivyo hivyo, pamoja na kimoja cha ziada. "Na anayetumia vitufe asiulizwe kama ana hakika," alisema. "Huyo anajua anachofanya."

Lusekelo alichora kisanduku chembamba pembeni mwa skrini. Maneno hayakuenea humo, akayakata, zikabaki herufi mbili za kwanza na vitufe vyake. "Watu hawasomi, mzee wangu. Wanatupia jicho tu."

Mimi niliweka kanuni: mtu akirudia kitendo mara tano kwa menyu, basi atakapoigusa tena, aonyeshwe vitufe vya kitendo hicho.

Programu tulimpa Mama Tusajigwe, muuguzi mstaafu, aliyekuwa amekusanya kamusi ya Kinyakyusa kwa miaka tisa. Asubuhi moja alifuta kwa menyu nakala tano za zamani, akabakiza moja, iliyo kamili. Akanywa chai. Aliporudi kuifungua, akagusa menyu, kisanduku kikatokea: "Fu…" na vitufe vitatu. Akasoma Fungua. Akabonyeza.

Tulihangaika siku nne kuirudisha kamusi, tukashindwa. Siku ya tano tukaenda kwake, tumelowa chapachapa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kompyuta yenu ina utii kuliko wajukuu zangu. Nani kati yenu amenifutia?"

"Mimi," alisema Atupele. "Herufi ni zangu, na swali la kumzuia mtu nililiondoa mimi."

"Acha hizo," Lusekelo akamkatiza. "Angeliona neno Futa lote, angebonyeza?"

"Asingeonyeshwa Futa kabisa," nikasema, "kama nisingehesabu."

Mama Tusajigwe akatutazama mmoja mmoja. "Mnagombania kosa kama watoto wanaogombania ukoko! Basi, hapa mezani pana kiti kimoja cha ziada. Aliyenifutia ndiye atakayekaa nami tuanze upya, kutoka A. Wawili waliobaki nisiwaone mpaka tumalize."

Tulirudi, kila mmoja akikitaka kiti kile na kila mmoja akikiogopa. Hesabu ya kosa hili nimeirudia mara nyingi. Kila mara hugawanyika kwa tatu, bila baki.

Je, wewe unayesikiliza, ungemketisha nani? Kabla hujajibu, pima kwanza kilichofutika: maneno 6,318.